Tundu la Tatu Kutoka Upande wa Cheni

Koletha mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia yote yanayohusu blanketi, chandarua, mchele wa kuanzia maisha na namna ya kukaa na mwenye nyumba. Sitarudia hata moja. Nimekaa barazani na karatasi hizi tangu saa nane mchana, wakati wewe uko Matombo kumuaga bibi yako na wajomba zako, na nimekadiria kwamba utarudi kabla jua halijazama. Nataka uikute barua hii mezani, kando ya injini ya ile pikipiki, uisome peke yako kabla hujaniamkia.

Utaona kwamba nimeliondoa turubai, nimekitoa kifuniko cha juu, na kemshafti zote mbili ziko wazi. Najua mikono yako itawasha. Nakuomba usiguse kitu mpaka ufike mwisho wa ninayoyaandika.

Umenijua miaka yote kama mtu asiyekosa maneno. Nimekuwa mkuu wa shule. Nimesimama kwenye mahafali, kwenye misiba na kwenye harusi za watu wa Kihonda ambao baadhi yao sikuwafahamu hata majina, na kila mara nilijua sentensi ya kwanza na ya mwisho kabla sijakishika kipaza sauti. Barua hii nimeianza mara nne. Zile tatu za kwanza zilikuwa nzuri, na ndiyo sababu nimezichana.

Jumapili iliyopita, jumuiya ilipokusanyika hapa kwetu kukuombea safari ya Tabora, ulisimama kushukuru. Ulizungumza vizuri, kwa utulivu, na watu walisema umemfuata baba. Kisha ukasema jambo ambalo hukujua uzito wake. Ulisema kwamba umesomea injini kwa sababu ya fundi mmoja wa hapa Kihonda aliyesahau kukaza bolti, na kwamba darasa lako la kwanza kule chuoni utakakofundisha litaanza na hadithi yake. Ukaukunja mkono wa kushoto ili watu waone kovu. Walipiga makofi.

Mke wa Fundi Maganga alikuwa ameketi mkekani karibu na mlango wa jikoni. Alikuja tangu asubuhi kumsaidia mama yako kupika, kama anavyofanya kila tunapokuwa na shughuli, ingawa nyumba hii haijawahi kustahili msaada wake. Aliiweka sahani chini, taratibu, akaenda kunawa mikono hali chakula kilikuwa hakijafika nusu. Wakati wa kuondoka alinipitia. Nilidhani angesema neno. Alisema, "Mwalimu, chakula kilikuwa kizuri," akaenda zake.

Nami nilikuwa nimesimama pale, kipaza sauti mkononi, nikisubiri kumkaribisha msemaji anayefuata. Nilimkaribisha.

Koletha, Fundi Maganga hakusahau kukaza bolti. Hakukuwa na bolti aliyoisahau. Aliyekuvunja mkono ni mimi, na nimelijua hilo kwa miaka kumi na saba.

Yale ya ufundi wewe unayafahamu kunishinda, lakini nitayaeleza kwa maneno mepesi, kwa sababu kesho itanibidi niyaseme mbele ya watu wasioyafahamu, na ni vyema nianze kujizoeza kuyasema bila kupamba.

Pikipiki ile niliinunua ikiwa tayari ya zamani, silinda nne, nyekundu, ya kuendeshwa umeinama, kutoka kwa mzungu mmoja aliyemaliza utafiti wake wa mimea milimani akawa anarudi kwao. Hapakuwa na nyingine kama ile Morogoro nzima. Mwalimu mkuu mwenye suti ya kaki akipita nayo barabara ya stesheni, wanafunzi walisimama. Nilijidanganya kwamba wanastaajabia chombo. Pamoja nayo nilipewa kitabu cha matengenezo, kinene, cha Kiingereza, na kitabu hicho ndicho kilichonipoteza. Kilikuwa kitabu kizuri. Aliyekuwa mbaya ni msomaji. Kwa sababu niliweza kukisoma, nilijiona ninaweza kuyatenda yaliyomo. Katika ofisi ya walimu nilizoea kuwacheka mafundi wa hapa mjini, kwamba wanatengeneza kwa kusikiliza mlio kama waganga, ilhali kila kipimo kimeandikwa. Nikatangaza kwamba tapeti za pikipiki yangu, yaani zile nafasi za valvu, nitaziseti mwenyewe, nyumbani, kwa kitabu.

Kazi yenyewe ilihitaji kuzitoa kemshafti, ile mihimili miwili yenye vinundu inayozisukuma valvu, ambayo imeshikiliwa na vikofia vidogo vya aluminiamu, na kila kikofia kina bolti zake. Kitabu kilisema wazi kwamba wakati wa kurudishia, bolti hizo zikazwe kidogo kidogo, kwa kupokezana, kuanzia za katikati kwenda pembeni, kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Sikuwa na spana hiyo. Fundi Maganga alikuwa nayo, karakana yake ilikuwa barabarani tu, hatua mia mbili kutoka hapa, na angeniazima bila swali. Lakini kwenda kumwazima kungekuwa kukiri kwamba ninamhitaji. Nikachukua spana ya kawaida, nikaanza na bolti iliyokuwa karibu na mkono wangu, nikaikaza mpaka mwisho.

Wewe unaijua hali ile, na kama huijui bado, utaijua siku moja, nami namwomba Mungu siku hiyo awepo mtu karibu nawe. Bolti inakuwa ngumu, inakuwa ngumu zaidi, halafu kwa ghafla inalegea kiganjani kama kitu kilichokata roho. Hesi zilikuwa zimeng'oka, ile mistari ya ndani ya tundu inayoishika bolti. Niliichomoa nikaona vipande vya aluminiamu vimejiviringisha kwenye chuma kama nywele. Lilikuwa tundu la tatu kutoka upande wa cheni, kwenye kemshafti ya nyuma, ile ya kuingiza hewa.

Dawa yake ilikuwepo. Hapa mjini kuna wakerezaji ambao wangelitoboa tundu lile upya, wakachonga hesi kubwa zaidi na kuweka bushi ya chuma ndani yake, kazi ya nusu siku. Ila ingenilazimu kuibeba injini kwenye mkokoteni, mchana, kupita mbele ya wale wale niliowatangazia. Nilikwenda dukani nikanunua gundi ya chuma, ile ya mirija miwili inayochanganywa. Nikajaza tundu, nikaisokota bolti ndani, nikaacha ikauke. Asubuhi ilikuwa imeshika. Kwa macho hungeitofautisha na wenzake.

Hapo lilikuwa bado kosa la mtu mmoja na injini yake. Kilichofuata ndicho kinachonifanya nishindwe kukutazama tangu Jumapili.

Nilipojaribu kuiweka cheni nilikosea jino moja, nikarudia, nikakosea tena. Siku ya tatu nilitupa spana na kumwita Fundi Maganga. Alikuja na boksi lake la vifaa begani. Na kwa kuwa yeye ni Mnyamwezi na sisi Waluguru, alianza pale getini kama kawaida ya watani, akiuliza kama kitabu kimeshindwa kushika spana. Nami nikamjibu kwamba Mnyamwezi akiona kitabu hutafuta karanga za kufungia. Tulicheka. Tulipenda kuchekana, Koletha. Alikuwa rafiki yangu. Sijui kama umewahi kulijua hilo, kwa sababu ulipopata akili ya kutazama mambo, nilikuwa nimekwisha kumpoteza.

Aliinama juu ya injini kwa muda mrefu. Akasema kosa liko kwenye kemshafti ya mbele peke yake, kwa hiyo hataigusa ya nyuma. Kisha akaniuliza, bila utani wowote, "Mwalimu, kuna chochote humu ambacho kimekusumbua, ambacho inafaa nikijue?"

Nikasema, "Hakuna. Nimefuata kitabu."

Alipomaliza kazi yake alitaka kupitisha spana yake ya kipimo kwenye bolti zote, za mbele na za nyuma, kama alivyozoea. Nikamzuia. Nikamwambia za nyuma nimekwisha kuzipima kwa mujibu wa kitabu, na kwamba kitabu kinakataza kuzikaza mara mbili. Kitabu hakikusema hivyo. Alinitazama, akaitazama injini, akairudisha spana kwenye boksi. Mtu ambaye hakumaliza darasa la saba aliliamini neno langu kwa sababu nilikuwa Mwalimu na nilikuwa na kitabu. Nimewahi kusifiwa kwa mengi. Sijui kama kuna siku niliheshimiwa zaidi ya siku ile, wala siku ambayo sikuistahili heshima kama ile.

Jumapili ya pili baada ya hapo nilikupakia tukaenda Mzumbe kumwona rafiki yangu mwalimu. Tukirudi, kwenye ule mteremko mrefu wa barabara ya Iringa, gundi iliachia. Kikofia kikanyanyuka, kemshafti ikapinda mahali pake, cheni ikaruka, valvu zikagongana na pistoni, na gurudumu la nyuma likaganda tukiwa mwendo wa kasi. Unakumbuka mchanga na unakumbuka mkono. Mimi ninakumbuka sauti yako. Hukulia. Uliniuliza, "Baba, nimefanya nini?" Ulidhani umekaa vibaya.

Watu walitukimbilia. Mmoja akauliza imekuwaje, nami, kabla hata sijainuka, nikasema, "Fundi amenimaliza." Sikulipanga neno hilo. Lilikuwa tayari kinywani, kana kwamba lilikuwa likinisubiri tangu siku ya gundi.

Ningeweza kulirudisha kesho yake. Lakini unawajua wajomba zako. Sisi ni Waluguru. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na baba akimrudisha amevunjika huulizwa. Mjomba wako mkubwa, Damiani, alishuka kutoka Matombo siku ya tatu na wazee wawili. Waliketi pale sebuleni, hawakunywa chai. Mjomba wako aliniuliza kwa upole sana mtoto wao ameumia kwa mkono wa nani. Hakuuliza kwa ugomvi; ilikuwa haki yake kuuliza na wajibu wangu kujibu. Nilijua kwamba nikisema ni mkono wangu, nitasimama mbele ya ukoo ule kama mwanamume aliyemtia mtoto wao hatarini kwa majivuno, na pengine mama yako angeombwa apumzike kwao kwa muda, nawe pamoja naye. Niliogopa kuwapoteza. Hilo nakueleza ulijue. Sikuombi ulihesabu kama utetezi. Nikajibu kwamba ni mkono wa fundi.

Siku nilipokuwa hospitali nawe, Fundi Maganga alikuwa amekuja hapa nyumbani kuangalia kilichotokea. Mama yako alimfungulia. Aliifungua injini, akachungulia, akaifunga, akaondoka. Mama yako aliniambia hakusema kitu. Nilikaa majuma mawili nikisubiri aje anikabili. Hakuja. Alikuja siku ya komunyo yako ya kwanza.

Sijui unaikumbuka siku hiyo kwa kiasi gani. Ulivaa gauni jeupe na mkono uko kwenye hogo la plasta. Turubai lilifungwa kuanzia hapa barazani mpaka kwa jirani, wajomba zako wameketi mstari wa mbele, nami nikiongoza shughuli. Wakati wa kutoa zawadi, Fundi Maganga alijitokeza na kuku wawili. Akaomba aseme neno kama mtani. Watu wakaanza kucheka kabla hajafungua kinywa, maana alikuwa bingwa. Akasema, "Ndugu zangu, kuweni macho na hawa Waluguru. Mluguru akiharibu hesi, hafungi na bolti. Hufungia ugali, akasubiri ukauke."

Walicheka mpaka wengine wakashika matumbo. Mimi peke yangu ndiye niliyeisikia.

Nimefikiri juu ya dakika ile kuliko jambo lolote katika maisha yangu. Mtani anaruhusiwa kulitaja lisilotajika, nawe huruhusiwi kukasirika, na ndani ya kicheko hicho mtu mwenye heri huokota lake kimya kimya. Angeweza kuja na kipande cha gundi kutoka kwenye tundu lile, akakiweka mbele ya wajomba zako. Badala yake alinifungulia mlango mdogo kabisa ambao ningeweza kupita bila kuinamisha kichwa mbele ya watu. Ningecheka, ningemfuata baadaye nyuma ya nyumba, tungemaliza. Ndivyo utani ulivyokusudiwa. Kila mtu pale aliujua, isipokuwa mwenye kipaza sauti.

Nikajibu kwa utani. Nikasema mababu zake walitembea kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani na mizigo vichwani, tangu lini Mnyamwezi akakijua kitu chenye magurudumu. Watu wakafurahi. Ningeishia hapo, ingekuwa mimi na mtani wangu, sare kwa sare. Lakini nilimwona mjomba wako Damiani akinitazama, hacheki. Nikakuita. Ulikuja mbele na gauni lako. Nikauinua mkono wako wenye hogo juu, watu wote wauone, nikasema, "Na kama mnataka vyeti vya ufundi wake, hivi hapa."

Watu walitazamana kwanza. Kisha wakacheka, kwa sababu nilikuwa Mwalimu na nilikuwa nacheka. Wewe ulicheka pia, ukanitazama uone kama umefanya vizuri. Mjomba wako akatikisa kichwa kuashiria ameridhika. Fundi Maganga naye akacheka, kwa kuwa mtani hana ruhusa ya kutocheka. Akawakabidhi wasichana waliokuwa wakipokea zawadi wale kuku wawili, akakaa mpaka mwisho wa shughuli kama adabu inavyotaka.

Baada ya siku ile watoto wa mtaa walimwita Fundi Miguu. Wakubwa walilichukua jina hilo kwa mzaha, halafu mzaha ukakoma na jina likabaki. Wenye pikipiki walianza kupita karakana yake bila kusimama. Hakuna aliyemshitaki, hakuna aliyemtukana, na kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumjibu. Ndani ya mwaka mmoja aliihama barabara, akaenda nyuma ya soko kutengeneza pampu za wakulima wa mboga na baiskeli zao. Mtu aliyekuwa anaiseti injini ya silinda nne kwa sikio na spana yake ya kipimo, akawa anaziba pancha.

Nami niliendelea kuongoza shughuli za watu.

Kuna deni jingine, hili ni lako peke yako. Ulipokuwa kidato cha tatu uliniomba uifungue injini hii ujifunzie. Nilikukatalia. Nilikuambia kwamba inanikumbusha maumivu yako, ukanionea huruma, ukanikumbatia, hukurudia tena. Ulikwenda kujifunzia kwenye mabaki ya gereji za watu, ukiazima, ukifukuzwa, na injini nzuri kuliko zote mjini iko kwenu chini ya turubai. Niliipangusa vumbi kila mwezi. Mama yako aliwaambia watu kwamba bado naipenda. Nilikuwa nalinda tundu. Nilijua kwamba ukishajifunza kidogo tu, utalichungulia mara moja na kunielewa.

Juzi Jumanne nilikwenda nyuma ya soko. Fundi Maganga alikuwa amekalia ndoo, amefungua pampu ya mtu. Aliponiona alianza pale pale: "Mluguru, umeshuka na nini leo? Au figili zimekataa kuota?" Miaka yote hii hajawahi kuniacha bila utani, na nilikuwa nikijiambia kwamba hiyo ni dalili kwamba amesahau. Mara hii sikumjibu. Aliiweka spana chini, akajifuta mikono na kitambaa, kidole kimoja kimoja.

Nilimweleza. Nilidhani ningelia, sikulia, nilieleza vibaya tu, kwa kurudi nyuma na kujikwaa, kama mwanafunzi ambaye hakusoma. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua Jumatatu ile ile," akasema. "Nilitia kidole kwenye tundu nikatoa kipande. Kigumu, kama punje ya hindi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilisema, Mwalimu. Nilisema mbele ya watu wote. Mkacheka."

Kulikuwa na mteja mmoja aliyekuwa akisubiri pampu, akaona afadhali aende kununua soda. Nilimwambia Fundi kwamba asubuhi ya safari yako, watu wakikusanyika kukusindikiza, nitasimama na kusema ukweli wote, nimsafishe jina. Alitikisa kichwa. Alisema hotuba zangu anazifahamu: nitaanza na salamu, nitatia kichekesho katikati, watu watapiga makofi, watasema Mwalimu ni mtu muungwana kweli, na yeye atatoka pale amekuwa mfano mzuri. Alisema hataki kuwa mfano. Nikamuuliza anataka nini basi.

Alifikiri. "Mwambie mtoto kwanza. Yeye ndiye aliyevunjika, na anakwenda kwetu Tabora kunisimulia. Halafu hao wengine ukiwaambia, usinicheke na usinisifu. Sema bolti, sema gundi, ukae."

Nikamwomba aje. Akasema ana pampu ya kumaliza, ataangalia. Akaichukua spana yake. Nilipokuwa naondoka sikusikia utani wowote nyuma yangu, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa mara ya kwanza tangu siku ya komunyo amenisikiliza kama mtu mzima.

Sasa unayajua. Sikuandikii ili unisamehe; kama msamaha upo, si jambo la kulikabidhi jioni ya mwisho kwa mtu anayefunga begi. Nimekuandikia kwa sababu darasa lako linaanza wiki ijayo, na hadithi uliyokusudia kuifungulia ni uongo niliokulisha mimi. Ukipenda kuisimulia, isimulie yote. Vijana wale watakuja kwako na mikono iliyovunja vitu, na wengi wao hawatakuwa na tatizo la kutojua. Watakuwa wameisikia bolti ikilegea kiganjani, wametazama kushoto na kulia. Siwezi kukufundisha namna ya kuwafanya waseme. Ninaloweza kukuambia ni kwamba mimi niliulizwa vizuri, na rafiki, kwa sauti ya chini, bila mtu mwingine kusikia, wakati ambapo hakuna aliyekuwa ameumia, na jibu lingenigharimu aibu ya asubuhi moja. Nilikuwa na elimu yote ya kujibu. Kwa hiyo usiwaambie kwamba elimu itawalinda.

Na kule utakakokaa utataniwa, maana wewe ni Mluguru miongoni mwa Wanyamwezi. Cheka nao. Lakini mtu akikutania jambo lililo kweli, mfuate baadaye nyuma ya nyumba, siku hiyo hiyo.

Kesho saa moja asubuhi, kabla ya sala, nitasimama mbele ya wajomba zako, jumuiya na majirani. Huenda utaniomba niache, safari yako isiharibike, mjomba wako Damiani ni mzee sasa na ana shinikizo la damu, tutafute siku inayofaa. Nimeitafuta siku hiyo inayofaa kwa miaka kumi na saba, kwa bidii, na nimegundua kwamba kuitafuta ndiko kulikokuwa uongo wenyewe. Nitasema bolti, nitasema gundi, nitasema mkono wako na kile nilichoufanyia siku ya komunyo, nikae. Sitakishika kipaza sauti. Fundi Maganga akija nitasema akiwepo, na kiti chake kikiwa tupu nitasema vilevile. Mama yako nimemwambia leo asubuhi. Ameenda bustanini, na mpaka naandika hapa hajarudi ndani.

Tochi iko kando ya karatasi. Mulika tundu la tatu kutoka upande wa cheni, uone kwa macho yako, sikulisafisha. Kisha, ukitaka, uje tuzungumze, na usipotaka, nitakuelewa, na begi lako nitalibeba mpaka stendi pasipo kukusemesha.

Ila nina ombi moja. Ukifika Tabora salama, simu ya kwanza isiwe yangu. Mpigie Fundi Maganga, umwambie umefika kwao.

Baba yako